Kwa nini uzi hulegea kwenye cherehani ya ngozi?

Na Mwandishi Wetu

MSHONO wa ngozi haufumuliwi ukarudiwa kama mshono wa gauni. Sindano ya cherehani ya nguo hupita katikati ya nyuzi za kitambaa, na uzi ukitolewa kitambaa hujirudi. Ile ya ngozi hutoboa, na tundu lililotobolewa hubaki hapo maisha yote ya kiatu.

Ndiyo maana fundi wa viatu au mikoba anayegeuza kazi yake na kukuta uzi umelegea upande wa chini huwa amepata hasara mara mbili. Amepoteza uzi na muda, na mstari mzima wa ngozi umekwisha kutobolewa. Akishona upya pembeni, matundu mapya hukaribiana na yale ya zamani, na ngozi huchanika kwa kufuata mstari huo kama stempu inavyochanwa.

Jambo hili linawagusa wakazi wa mijini kuliko wengi wanavyodhani. Kila Januari shule zinapofunguliwa, maelfu ya wazazi hununua au hupeleka kukarabatiwa viatu vyeusi vya ngozi. Mkoba wa ofisini, mkanda, makubadhi, hata kiti cha gari kilichovishwa upya, vyote hupita chini ya sindano ya aina moja. Mshono ukiwa mbovu, mnunuzi hana namna ya kujua dukani. Hujua baada ya wiki mbili, kidole gumba kinapochungulia nje.

Katika viwanda vikubwa, mfano kile cha Karanga mjini Moshi au cha Bata huko Limuru nchini Kenya, mashine ikigoma huitwa fundi mitambo. Wapo pia vijana wanaosomea teknolojia ya ngozi katika kampasi ya Mwanza ya Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam. Lakini sehemu kubwa ya kazi hii hufanyika barazani, vichochoroni na katika masoko kama Kariakoo jijini Dar es Salaam au Kariokor jijini Nairobi, ambako mshonaji na fundi mitambo ni mtu mmoja mwenye bisibisi moja.

Mtu huyo anapoona vitanzi vya uzi vinaning'inia chini ya ngozi, jambo la kwanza analofanya ni kulegeza au kukaza skrubu ya bobini, kwa kuwa vitanzi viko chini na bobini iko chini. Hapo ndipo anapopotea njia.

Ili kuelewa sababu, ni lazima kwanza kujua cherehani hushonaje. Mshono wa cherehani nyingi za ngozi huundwa na nyuzi mbili, mmoja ukitoka juu kupitia tundu la sindano na mwingine ukitoka kwenye bobini. Si jambo jipya. Mmarekani Walter Hunt aliunda mashine ya namna hiyo katika miaka ya 1830 bila kuiombea hataza, na Elias Howe, Mmarekani mwenzake, akapata hataza ya mashine yake mwaka 1846. Yaliyobadilika tangu wakati huo ni mengi, lakini fundo lenyewe ni lile lile.

Sindano hushuka na uzi hadi chini ya ngozi, kisha huanza kupanda. Inapopanda kidogo tu, ngozi iliyoubana uzi huuzuia usipande nayo, hivyo uzi hujikunja na kufanya kitanzi kidogo ubavuni mwa sindano. Wakati huo huo ncha ya ndoano inayozunguka hupita, hukinasa kitanzi na kukizungusha kuipita bobini nzima. Halafu mkono wa kuvuta uzi, ule unaopanda na kushuka mbele ya cherehani, hukivuta kitanzi juu pamoja na uzi wa bobini, na nyuzi hizo mbili hufungana.

Fundo hilo linatakiwa likae katikati ya unene wa ngozi, lisionekane juu wala chini. Likikaa hapo, pande zote mbili za mshono hufanana kiasi cha mtu kutojua upi ni wa mbele.

Ni kama timu mbili zinazovutana kamba. Uzi wa juu unavuta fundo juu, uzi wa chini unalivuta chini. Timu moja ikilegea, fundo haliendi kwa aliyelegea, bali kwa mwenye nguvu. Kwa hiyo uzi wa juu usipokazwa vya kutosha, fundo huvutwa hadi chini, na vitanzi vinavyoonekana chini ya ngozi ni vya uzi wa juu. Uzi wa bobini huwa umenyooka tu kama kamba ya kuanikia nguo, na wa juu unauzunguka.

Kinyume chake pia ni kweli. Vidoto vya uzi wa bobini vikijitokeza upande wa juu, ama uzi wa juu umekazwa mno, ama wa bobini umelegea mno. Mafundi wazoefu huweka uzi wa rangi moja juu na rangi nyingine chini kila wanapofanya majaribio, mathalani mweupe na mweusi. Rangi ikionekana mahali isipotakiwa, mkosaji anajulikana bila ubishi. Mwenye uzi mweusi juu na chini atabaki akibahatisha.

Lakini kabla ya kugusa skrubu yoyote, yapo mambo ya kukagua, kwa sababu cherehani iliyokuwa ikishona vizuri jana haibadilishi mkazo wake usiku. Kitu fulani kimehama, kimeziba au kimekatika. Kuzungusha skrubu katika hali hiyo ni kuongeza tatizo la pili juu ya la kwanza, na fundi hupoteza hata ile alama ya mahali alipoanzia.

Sababu inayoongoza ni uzi wa juu kutokaa sawasawa. Uzi huo hupita katikati ya visahani viwili vinavyobanwa na springi, na hapo ndipo mkazo unapozaliwa. Uzi ukipita pembeni badala ya katikati, hakuna mkazo wowote hata kitasa cha mbele kikazwe hadi mwisho. Nyuzi za nailoni zilizopakwa gundi ya kiwandani, zinazotumika sana kwenye ngozi, ni ngumu na huruka kutoka kwenye visahani kwa urahisi kuliko uzi wa pamba.

Katika cherehani nyingi, mguu unapoinuliwa visahani hivyo hujiachia, na unaposhushwa hubana. Anayetunga uzi huku mguu ukiwa chini huuweka uzi juu ya visahani vilivyofungwa, ukabaki ukielea. Utaratibu sahihi ni kuinua mguu, kutunga uzi, kushusha mguu, kisha kuuvuta uzi kwa mkono. Ukiwa chini, uzi unatakiwa ugome kiasi cha sindano kupinda kidogo unapovuta. Ukiwa juu, uteleze. Usipohisi tofauti hiyo, tatizo liko kwenye visahani na si kwenye bobini.

Wakati mwingine visahani huwa havifungi hata mguu ukiwa chini. Kipande cha uzi kilichokatika, vumbi la ngozi au kutu hukaa katikati yake na kuviachanisha kwa upana mdogo usioonekana kwa macho. Kitambaa chembamba kikipitishwa katikati na kuvutwa huku na huku huondoa uchafu huo. Pini ndogo ya ndani inayovisukuma visahani vijiachie nayo inaweza kukwama, hasa kwenye cherehani iliyokaa muda mrefu bila kazi.

Kuna pia vishikio vya uzi kati ya koni na visahani. Vingine vina matundu mawili au matatu ambayo uzi unatakiwa kusukwa ndani yake, ukiingia hili na kutokea lile. Wapo wanaoruka tundu moja kwa kutaka haraka, bila kujua kwamba kila tundu huongeza mkazo kidogo na kuunyoosha uzi uliojikunja kama springi.

Koni yenyewe haina budi kusimama wima, na ndoano ya kuupokea uzi iwe juu kabisa ya katikati ya koni. Uzi ukivutwa kwa pembeni, hukwama ukingoni kila mzunguko, na mshono hutoka mzuri kwa sentimita kadhaa, kisha mbaya, kisha mzuri. Mkazo unaobadilikabadilika namna hiyo karibu kila mara hutokana na koni, bobini iliyoviringwa vibaya, au kitu kinachokwaruza uzi njiani. Skrubu iliyolegea haitoi dalili hiyo. Yenyewe huharibu mshono wote sawasawa.

Suala la sindano linahitaji maelezo marefu zaidi, kwa kuwa ndilo linalopuuzwa kuliko yote. Namba inayoandikwa kwenye sindano kwa kipimo cha metriki ni unene wake kwa sehemu za mia za milimita. Namba 140 ina unene wa milimita 1.4, namba 200 ina milimita 2. Pembeni yake huandikwa namba ya mfumo wa zamani, ambapo 110 ni 18, 140 ni 22, 160 ni 23, 180 ni 24 na 200 ni 25.

Uzi wa ngozi nao una namba, na namba za mfumo wa metriki huenda kinyume na wengi wanavyotarajia: uzi namba 40 ni mwembamba, namba 20 ni mnene, namba 11 ni mnene zaidi. Uzi namba 40 unafaa kwa sindano ya 110 au karibu na hapo. Namba 20 huhitaji 140 hadi 160. Namba 13 huenda na 180, na namba 11 na 200.

Sindano ikiwa nyembamba kuliko uzi, mambo mawili hutokea. Uzi husuguana na tundu la sindano na kuchakaa hadi kukatika. Zaidi ya hapo, tundu lililotobolewa kwenye ngozi huwa dogo mno kiasi kwamba fundo haliwezi kupenya na kuingia ndani. Hubaki chini ya ngozi hata uzi wa juu ukazwe kiasi gani. Fundi huendelea kukaza mpaka uzi unakatika, naye hulaumu uzi. Dawa ilikuwa kubadili sindano kwenda namba moja juu.

Upo na upande wa pili. Sindano nene mno huacha matundu makubwa ambayo uzi hauyajazi, maji hupenya kwenye kiatu, na fundo huteleza kwenda juu au chini bila kushikwa na ngozi.

Sindano pia ina uso. Upande mmoja una mfereji mrefu ambamo uzi hulala sindano inaposhuka, na upande wa pili umechongwa ubapa mdogo juu ya tundu ili ncha ya ndoano ipite karibu. Mfereji mrefu hukaa upande ambao uzi unaingilia, na ubapa huelekea kwenye ndoano. Sindano ikigeuzwa hata kidogo, au isiposukumwa hadi juu kabisa ndani ya kishikio chake kabla ya skrubu kukazwa, ndoano hukikosa kitanzi na mshono huruka.

Aina ya sindano nayo lazima iwe ile ya cherehani husika. Sindano za mashine mbili tofauti zinaweza kufanana kwa unene na kutofautiana kwa urefu, na tofauti ya milimita mbili tatu hutosha kuharibu kila kitu. Katika maduka ya vipuri sindano mara nyingi huuzwa moja moja zikiwa zimetolewa kwenye pakiti, na mnunuzi hana njia ya kusoma mfumo wake. Kuinunua ikiwa ndani ya pakiti yake, hata kwa bei iliyozidi kidogo, ni nafuu kuliko ngozi moja iliyoharibika.

Kwa ncha, sindano za ngozi zina makali yanayokata mpasuko mdogo, wakati zile za kitambaa zina ncha ya duara inayosukuma. Kutumia ncha ya duara kwenye ngozi ngumu huichosha mashine na kuinua ngozi. Kutumia ncha ya makali kwenye turubai hukata nyuzi za turubai lenyewe.

Kuinuka kwa ngozi ni jambo linalostahili kutazamwa kwa jicho la karibu. Kitanzi kilichotajwa awali huundwa kwa sababu ngozi inabaki palepale wakati sindano inapanda. Ngozi ikipanda pamoja na sindano, hakuna kitanzi, na ndoano hupita patupu. Hapo hatua za mshono huruka, na hatua inayofuata hulegea kwa kuwa imepata uzi wa hatua mbili. Anayetazama huona uzi uliolegea na kudhani ni mkazo, kumbe ni mguu usiokandamiza vya kutosha. Skrubu ya kukandamiza mguu, ambayo kwa kawaida iko juu ya kichwa cha cherehani, ikazwe mpaka ngozi itulie.

Gundi mbichi huleta dalili hizo hizo. Fundi anayebandika vipande viwili na kushona kabla gundi haijakauka hukuta sindano imevaa utando unaonata, uzi unashikwa na kitanzi hakifunguki. Kusubiri gundi ikauke na kuifuta sindano mara kwa mara humaliza tatizo.

Sasa ndipo ifike zamu ya bobini. Ukanda mdogo wa chuma ulio ubavuni mwa kikasha chake ndio unaoukaza uzi wa chini, na chini ya ukanda huo hujikusanya nyuzinyuzi na nta. Kipande cha uzi chenye ukubwa wa punje ya mchanga kikinasa hapo, ukanda huinuka na uzi wa chini hutoka bure. Karatasi ngumu au pembe ya kadi ya simu hutosha kukisafisha. Msumari hukwaruza chuma, na mkwaruzo huo utaukata uzi kila siku.

Bobini iliyoviringwa kwa mkono, au kwa mashine bila kuupitisha uzi kwenye kikazio chake, huwa laini sehemu moja na ngumu nyingine. Iliyojazwa hadi kupita ukingo hukwaruza kikasha. Na ikiwekwa kinyume na mwelekeo unaotakiwa, mkazo hubadilika pia, kwa hiyo inafaa kutazama jinsi uzi unavyogeuka kuingia chini ya ukanda.

Kwenye nguo, mafundi huning'iniza kikasha kwa uzi wake na kukitikisa. Kikishuka kidogo kidogo, mkazo ni sawa. Kipimo hicho hakifai kwenye ngozi, ambako mkazo wa chini hutakiwa kuwa mkubwa zaidi. Kinachotafutwa ni uzi kutoka kwa ugumu ulio sawa tangu mwanzo hadi mwisho, bila kukwama na bila kuachia ghafla.

Ikibidi skrubu ya bobini iguswe, izungushwe robo ya mzunguko au chini ya hapo kwa wakati mmoja, na kazi hiyo ifanyike juu ya kitambaa cheupe. Skrubu hiyo ni ndogo kuliko punje ya mchele na ikidondoka kwenye sakafu ya karakana ya ngozi haionekani tena.

Baada ya hapo mizani hukamilishwa kwa uzi wa juu. Utaratibu wa kuweka mkazo wa chini kwanza, kuuacha, na kurekebisha wa juu peke yake ndio unaookoa muda. Anayebadili vyote viwili kwa pamoja hawezi kujua kipi kimemsaidia.

Ikumbukwe kwamba fundo kukaa katikati si ushahidi wa mshono imara. Timu mbili dhaifu zinazovutana kamba hutoka sare pia. Nyuzi zote mbili zikiwa zimelegea kwa kiwango kimoja, mshono huonekana mzuri mezani, lakini vipande viwili vya ngozi vikivutwa, mwanya hufunguka na nyuzi huonekana kama ngazi. Zikikazwa zote kupita kiasi, ngozi hujikunja na uzi huzama mpaka kukata. Kwa hiyo jaribio la mwisho ni la mikono, na lifanyike kwenye kipande cha ngozi ile ile, chenye unene ule ule na tabaka zile zile.

Unene ndio unaowachanganya wengi. Mkazo uliowekwa kwa tabaka mbili zenye jumla ya milimita sita hautafaa kwa ngozi moja ya milimita moja na nusu, kwa kuwa katika ngozi nyembamba hakuna nafasi ya kulificha fundo. Uzi namba 11 kwenye ngozi nyembamba ya pochi utaonyesha fundo upande mmoja hata cherehani iwe mpya kutoka kiwandani. Hilo si tatizo la mashine. Ni uchaguzi wa uzi.

Urefu wa hatua nao una mchango wake. Hatua za milimita tatu hadi nne ni za kawaida kwa mikoba na viatu. Zikifupishwa mno kwa uzi mnene, matundu hukaribiana na fundo hukosa mahali pa kuzama.

Mishono mingine huharibika mwanzoni tu, ambapo rundo la uzi hujisokota chini kama kiota cha ndege. Hapo mkazo hauna kosa. Mshonaji hakushika ncha za nyuzi zote mbili wakati wa hatua mbili tatu za kwanza, na ndoano ikauvuta uzi wa juu uliokuwa huru. Mwishoni, kazi itolewe mkono wa kuvuta uzi ukiwa juu kabisa. Vinginevyo kitanzi huwa bado kimeizunguka bobini. Kwenye kona, sindano ishuke hadi chini kabisa na ianze kupanda kidogo kabla ngozi haijageuzwa, ili ndoano iwe imekwisha kukinasa kitanzi.

Cherehani zenyewe hazilingani. Singer za kundi la 29K, ambazo mguu wake huzunguka pande zote na ambazo bado hufanya kazi katika vibanda vingi vya viatu, zilitengenezwa Clydebank nchini Scotland, katika kiwanda kilichofungwa mwaka 1980. Ziliundwa kwa ajili ya kukarabati viatu, kuweka kiraka mahali pagumu kufikika. Bobini yake ni ndogo na hupendelea uzi mwembamba kiasi. Anayeilazimisha kushona mikanda kwa uzi wa namba 11 anaitafutia ugomvi.

Mashine ndogo za mkono kutoka China, zilizoenea kwa bei yake nafuu, zina tabia nyingine. Nyingi hufika zikiwa na kingo za chuma zisizosuguliwa, hasa kwenye ndoano na njia ya uzi. Uzi hupita hapo ukichanwa kidogo kidogo, na mkazo hubadilika kila mzunguko. Kusugua kingo hizo kwa msasa laini kabisa, kisha kuosha na kutia mafuta, huifanya mashine ya bei ndogo ishone kwa heshima. Kwa kweli ni kazi ambayo kiwanda kingepaswa kuifanya.

Zile zinazoshona soli moja kwa moja kwenye sehemu ya juu ya kiatu ni ukoo tofauti. Mmarekani Lyman Blake alipata hataza ya mashine ya kazi hiyo mwaka 1858, na mashine za ukoo wake hutumia uzi mmoja unaojisuka kama mnyororo, bila bobini. Maelezo ya fundo kukaa katikati hayahusiani nazo.

Kwa cherehani za mota, usalama uje kwanza. Mota ya klachi huendelea kuzunguka kwa muda baada ya swichi kuzimwa, na kanyagio likiguswa sindano hushuka kwa nguvu zote. Kabla ya kuweka vidole karibu na sindano, zima umeme, kanyaga kanyagio hadi mota isimame, ndipo ufungue bamba. Mota mpya za servo hazizunguki mpaka kanyagio likanyagwe, hutumia umeme kidogo, na huruhusu kushona polepole, jambo linalopunguza hatua zilizoruka kwenye ngozi nene.

Ikiwa sindano ni sahihi, uzi umetungwa ipasavyo, visahani na bobini ni safi na mguu unakandamiza, lakini mshono bado unaruka au kulegea, linalobaki ni wakati wa ndoano. Ncha ya ndoano inatakiwa ifike kwenye sindano baada ya sindano kuanza kupanda, na ipite juu kidogo ya tundu, karibu sana lakini bila kuigusa. Mashine iliyokwama kwa kishindo, uzi ukajisokota ndani, huweza kuupoteza wakati huo.

Hata hapo, kurekebisha ndoano si hatua ya kwanza. Baadhi ya cherehani zina klachi ya usalama inayojiachia mashine inapokwama, na mshonaji huona gurudumu linazunguka na sindano inapanda na kushuka huku ndoano imesimama. Katika mashine hizo kuna kitufe kidogo cha kubonyeza huku gurudumu likizungushwa kwa mkono, mpaka mlio wa kubana usikike na ndoano ianze kuzunguka tena. Kabla ya hapo uzi wote uliojisokota uwe umetolewa, la sivyo klachi itajiachia tena kwenye hatua ya kwanza.